Kabla Pac-Man Hajaanza Kula

MAME ikikataa kufungua mchezo, haikatai kimyakimya. Inaandika kwenye terminali jina la kila faili ililolikosa, inataja ilikolitafuta, kisha inamalizia kwa kusema kwamba bila mafaili hayo mashine haiwezi kuwashwa. Wengi wakiiona mistari hiyo huifunga upesi na kwenda kumtafuta mtu wa kuwaambia wabonyeze nini. Mimi nayahesabu maneno hayo miongoni mwa maandishi yenye adabu kubwa katika kompyuta nzima, na hapa naisifu kazi ya kuyasoma: kazi ya kuifuata hitilafu mpaka ijulikane imekaa wapi na imefikaje hapo.

Kwa asiyeifahamu, MAME ni emuleta, yaani programu inayoiga zile mashine za michezo ya video za kutumbukiza sarafu, zilizojaa kwenye kumbi za Japani na Marekani tangu miaka ya 1970. Mtaliano Nicola Salmoria alianza na mashine za jamii ya Pac-Man, na toleo la kwanza la MAME likatoka Februari 1997. Baadaye wachangiaji wa nchi mbalimbali wameongeza maelfu ya mashine nyingine. Wenyewe wanasema shabaha yao kubwa ni kuandika kwa usahihi namna kila mashine ilivyofanya kazi, kabla bodi zenyewe hazijaoza. Mchezo ukichezeka, huo ni ushahidi kwamba walichoandika ni cha kweli. Ukiishika kauli hiyo, utaelewa tabia zote za programu hii. Imejengwa na watu wasiokubali "inakaribiana", na haitakubali "inakaribiana" kutoka kwako.

Kwenye Debian au Ubuntu, kusakinisha kwenyewe ni amri moja: sudo apt install mame. Zamani mambo hayakuwa mepesi hivyo. Leseni ya awali ilikataza matumizi ya kibiashara, kwa hiyo Debian waliiweka kwenye fungu la programu zisizo huru. Machi 2016 leseni ikabadilishwa, na kizuizi hicho kikaondoka. Lakini amri ile huleta mashine tupu. Mafaili ya mchezo unayaleta mwenyewe, na kuvikutanisha vitu hivyo viwili ndiyo shughuli yenyewe.

Chukua Pac-Man. Ukiiomba MAME iuendeshe mchezo huo na mafaili yake hayapo, utasoma majina kama pacman.6e, pacman.6f, pacman.6h na pacman.6j. Mgeni huyaona ni majina ya ovyo. Kumbe ni anwani. Bodi ya mashine ile iligawanywa kwa namba na herufi, na chipu iliyokaa pale 6 inapokutana na E ndiyo iliyosomwa baiti 4,096 zinazoitwa pacman.6e. Chipu nne za namna hiyo, jumla kilobaiti 16, ndizo programu nzima ya mchezo ambao Toru Iwatani na wenzake wa Namco waliutoa mwaka 1980. Kando yake ipo chipu ya rangi, 82s123.7f: 82s123 ni namba ya aina ya chipu, 7F ni mahali ilipochomekwa. Ina baiti 32 tu. Njano ya Pac-Man na bluu ya kuta zimo humo, na baiti hizo 32 zikikosekana MAME haianzi. Nimeona watu wakikasirishwa na ukali huo. Mimi naupenda. Ingewezekana kabisa kubuni rangi za kuziba pengo na mchezo ukaendelea, lakini hapo mchezaji angekuwa anatazama mashine ambayo haijawahi kuwapo.

Kuna kitu kingine hapo kinachowapoteza wengi. Unaweza kuwa na pacman.zip zima na bado ukaambiwa mafaili hayapo. Kwa MAME, Pac-Man iliyouzwa Marekani na kampuni ya Midway ni mtoto. Mzazi ni Puck Man ya Japani. Mikusanyo mingi hupangwa hivi: chipu wanazochangia hukaa ndani ya puckman.zip, na pacman.zip hubeba zile tu zinazotofautiana. Jawabu limo ndani ya ujumbe wenyewe, kwa sababu mbele ya kila faili lililokosekana programu inaandika kwamba imelitafuta ndani ya pacman na ndani ya puckman. Aliyesoma mstari mpaka mwisho anajua faili gani la kutafuta. Aliyeishia katikati atasakinisha Linux upya, na baada ya kusakinisha atausoma ujumbe uleule.

(Haki za Pac-Man bado zina wenyewe. Kwa kujaribia usakinishaji mimi hutumia Gridlee, mchezo wa miaka ya mwanzo ya 1980 ambao haukuwahi kufika sokoni, na ambao wenye haki wameruhusu ugawiwe bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Ukifunguka Gridlee, usakinishaji ni mzima, na tatizo lolote linalobaki liko kwenye mafaili. Kipimo kinachojulikana kuwa kizuri kinaokoa jioni nyingi.)

Fundi mzuri hapigi ramli. Anauliza kwanza programu inatafuta wapi, na hamuulizi jirani, anaiuliza programu yenyewe: mame -showconfig, kisha anaushuka mstari mmoja mmoja hadi kwenye rompath, palipoorodheshwa folda zinazopekuliwa. Ikiwa pameandikwa $HOME/mame/roms na yeye aliacha mafaili ndani ya Downloads, kesi imekwisha. Ikiwa folda ni ileile, anatazama majina, kwa maana Linux haichanganyi herufi kubwa na ndogo, PACMAN.ZIP na pacman.zip ni vitu viwili mbalimbali. Kisha anaandika ls -l aone faili ni mali ya nani na nani anaruhusiwa kulisoma. Kama MAME ililetwa kwa njia ya snap au flatpak, anakumbuka kwamba programu za namna hiyo hukaa ndani ya uzio, na huenda folda anayoiona yeye programu haioni.

Hayo yote yakipita na faili bado halionekani, kuna strace. Chombo hiki huandika kila ombi ambalo programu inalipeleka kwenye kiini cha mfumo: nifungulie hiki, nisomee kile. Maandishi yake yanamwagika kurasa kwa kurasa na yanatisha kwa macho, ila wewe unatafuta jina la faili lako tu na jibu lililotolewa mbele yake. Jibu likiwa ENOENT, kitu hicho hakipo pale kilipotafutwa. Likiwa EACCES, kipo lakini umenyimwa ruhusa. Kwenye skrini ya mchezaji hali hizo mbili zinaweza kufanana kabisa, mchezo haufunguki, basi. Lakini moja inatibiwa kwa kuhamisha faili au kusahihisha njia, nyingine kwa kubadilisha ruhusa. Sijui raha nyingine ya kazi hii inayozidi ile ya kufika kwenye mstari huo mmoja. Malalamiko yasiyo na umbo yanageuka kuwa swali lenye jibu.

Na ipo njia ya pili, inayopendwa kwa sababu ni ya haraka. Mtu anaweka faili kwenye kila folda anayoikumbuka, anatoa ruhusa zote kwa watu wote kwa chmod 777, anaendesha programu kwa sudo, anafuta mipangilio, anasakinisha upya, yote kwa mkupuo. Wakati mwingine mchezo unafunguka. Halafu kesho yake MAME inashindwa kuhifadhi mipangilio ya vitufe, kwa kuwa alipotumia sudo folda ya mipangilio inaweza kuwa iliundwa kwa jina la root, na yeye kama mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika humo. Anaanza kutafuta mchawi: Linux mbovu, MAME mbovu, kompyuta imechoka. Ukibadilisha jambo moja kisha ukajaribu, unaendelea kujua ulipo. Ukibadilisha matano, hata ukifanikiwa huna ulichojifunza, maana huwezi kusema ni lipi kati ya hayo lililofanya kazi.

Kinachoitofautisha kazi hii na bahati nasibu ni kipimo, na MAME imekuwekea kipimo ndani yake. Kwenye msimbo, kila chipu imeandikiwa ukubwa wake pamoja na alama mbili za uhakiki, CRC na SHA-1, zinazokokotolewa kutoka kwenye baiti zenyewe. CRC ya pacman.6e ni c1e6ab10. Baiti moja ikiharibika wakati wa kunakili, hesabu inatoa kitu kingine, na mame -verifyroms pacman itakutajia faili lenye kasoro. Hapo ndipo linapofumbuka fumbo la mkusanyo uliofanya kazi mwaka juzi na leo unakataliwa. Watu wa MAME hupata bodi nyingine, wakaisoma chipu vizuri zaidi, wakagundua kwamba nakala ya zamani ilikuwa na dosari au chipu moja ilisahauliwa. Wanasahihisha orodha, na toleo jipya linadai faili jipya. Faili lako liko vilevile kama siku uliyoliweka. Kilichosonga mbele ni ujuzi kuhusu bodi. Kwa hiyo namba ya toleo la MAME na umri wa mafaili lazima vilingane, na hilo ni la kuangalia mapema kuliko dereva ya kadi ya picha.

Kuhusu kukompaili mwenyewe kutoka kwenye msimbo nitasema machache. Likikosekana SDL.h, unahitaji kifurushi cha libsdl2-dev. Jina la faili lililokosekana karibu kila mara linakupeleka kwenye jina la kifurushi. Kazi ikiuawa ghafla bila kosa lolote la msimbo, tazama kumbukumbu: make -j8 huendesha kazi nane kwa pamoja, na kompyuta yenye RAM ndogo huzidiwa hadi mfumo ukaiua mojawapo. Punguza namba. Kama shida yako ni Pac-Man tu, iambie make ijenge faili lake pekee kwa SOURCES=src/mame/pacman/pacman.cpp na uipumzishe mashine.

Kuna hitilafu inayokuja baada ya kila kitu kuonekana kimekamilika, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mchezo umefunguka, sauti ipo, sarafu inaingia kwa kitufe cha 5, lakini mwendo una mikwaruzo midogo: Pac-Man anateleza vizuri, kisha anastuka kidogo, kisha anateleza tena. Watu huilaumu prosesa. Prosesa ya mashine ile ilikuwa Z80 ya megahezi 3.072, kompyuta yoyote ya leo inaiiga bila kutoka jasho. Ukitaka sababu, piga hesabu. Saa ya picha ya Pac-Man ilikuwa megahezi 6.144. Kila mstari ulichukua mapigo 384, na kila picha mistari 264. Gawanya, utapata picha 60.606 kwa sekunde. Skrini nyingi za kompyuta zinaonyesha 60. Kila sekunde sehemu ya picha inabaki bila nafasi, na baada ya sekunde moja na nusu na ushei imetimia picha nzima, ambayo lazima irukwe. Huo ndio mstuko unaouona. Ukiilazimisha MAME ifuate skrini, kwa chaguo la syncrefresh, mikwaruzo inaondoka, na mchezo unakwenda polepole kwa asilimia moja hivi. Hapo unachagua, na unachagua ukijua unachopoteza. Mimi kwa Pac-Man huchagua ulaini. Anayefanya mazoezi ya kuvunja rekodi atachagua kasi ya kweli na kuvumilia mikwaruzo, na ana haki yake.

Hutokea pia ukapekua kila mahali na kosa likaonekana kuwa ndani ya MAME yenyewe. Hapo unawaandikia wajenzi, na mficha uchi hazai: toa namba ya toleo, amri uliyoandika vilevile ulivyoiandika, na maandishi yote yaliyotoka kwenye terminali, si yale uliyodhani ni ya maana. Wanaosoma upande wa pili wamezoea kazi nzito kuliko hiyo. Bodi za CPS-2 za Capcom zilibeba ufunguo wa kufumbua programu kwenye kumbukumbu iliyotegemea betri. Betri ikiisha, ufunguo ulipotea na bodi ikafa. Nicola Salmoria na Andreas Naive waliuchambua ufumbaji huo mpaka mwanzoni mwa 2007 ukaeleweka wote, kwa kuuliza swali moja baada ya jingine, na kila jibu likapimwa.

Mara chache utakutana na ujumbe wa namna nyingine. Faili halikupotea wala halikuharibika. MAME inaandika kwamba nakala nzuri ya chipu hiyo haijulikani kuwapo. Unaweza kuhakiki folda, ruhusa na toleo, vyote vikawa sahihi, na ujumbe ukabaki palepale, kwa sababu unazungumzia chipu ambayo hakuna aliyewahi kuisoma vizuri. Usakinishaji wako hauna kasoro. Kinachotakiwa ni mtu mwenye bodi ile, ghalani au kwenye karakana yake, akubali chipu ichomolewe na isomwe.