Nyuma ya Ubao Kuna Jina

Mzee wa miaka sabini na ushei anayekaa Kasulu hutazamiwa kuzungumza habari za mvua na maharage. Leo, mpenzi msomaji, nitazungumza habari za picha.

Mjukuu wangu alinionyesha katika simu yake filamu fupifupi ambazo Tate, jumba la sanaa la London, hulitoa kwenye intaneti kuhusu wasanii wa siku hizi. Mmoja wao ni Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza akiwa mtoto wa miezi michache tu, baada ya baba yake kufariki. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Sifa ya filamu hizi ni kwamba msanii mwenyewe ndiye asemaye. Hakuna mtaalamu anayesimama kati yake na sisi. Mwalimu yeyote atakubali kwamba hiyo ni njia njema.

Kasoro yake ni haraka. Kabla jicho halijatua, picha imekwisha ondoka. Tena maneno ni ya Kiingereza, na mke wangu aliyeketi kando yangu aliambulia rangi tu. Lakini kasoro kubwa zaidi ni kuwa filamu humwonyesha mtazamaji upande ule tu uliochaguliwa na mpiga picha.

Nasema hivyo kwa sababu ya kazi yake ya mwaka 2004, Naming the Money. Ni watu mia moja waliokatwa katika mbao kwa kimo cha binadamu, wakapakwa rangi za kupendeza: wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, waganga wa mitishamba. Ni Waafrika waliofanywa watumwa katika majumba ya wakubwa wa Ulaya. Mgongoni mwa kila mmoja pameandikwa jina lake la asili na jina alilopewa na mabwana. Asiyezunguka nyuma ataona mavazi tu.

Nilipofahamu hayo nilikumbuka Kibondo, mwaka 1978. Elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imejaza madarasa, nami nilikuwa mwalimu kijana. Chuo cha ualimu kilinifundisha kwamba daftari la mahudhurio ni kioo cha shule. Darasani mwangu walikuwamo akina Bukuru watatu. Ili kupunguza usumbufu nilimwandika mmoja, msichana, kwa jina la ubatizo peke yake. Siku ya pili mama yake alikuja. Hakugomba. Alisema, "Mwalimu, Bukuru ni pacha wa kwanza. Butoyi wake alikufa. Ukilifuta jina hili, umewafuta wote wawili."

Nilimjibu kwamba daftari limekwisha andikwa kwa wino. Nilistaafu nikiwa mkuu wa shule, na sikupata kulisahihisha.

Kwa hiyo nawashukuru wenye filamu hizo, na ninawaomba jambo moja: mpiga picha azunguke nyuma, akae hapo mpaka tusome. Na ninyi walimu vijana wa Kasulu na Kibondo, kabla ya kutia wino daftarini, mwulizeni mtoto jina lake maana yake nini.