Fundi Asiyejificha

Jua linalofungua onyesho la muziki la The Lion King ni vitambaa vya hariri vilivyopangwa juu ya mbavu nyembamba. Kabla ya kuchomoza limelala sakafuni, halina umbo. Likivutwa juu, vitambaa vinajitandaza na kutetemeka penye mwanga, na jukwaa zima linakuwa asubuhi ya mbugani. Mtazamaji anaiona hariri, na jua analiona vilevile. Hakuna aliyejitahidi kukificha kimojawapo, na mimi naamini ukubwa wa kazi hii umesimama hapo.

Onyesho hili lilifika New York mwaka 1997 chini ya uongozi wa Julie Taymor, na tangu 1999 linachezwa London katika jumba la Lyceum, karibu na Covent Garden. Migahawa ya mtaa ule inaishi kwa saa za majumba ya maonyesho. Pazia linafunguliwa saa moja na nusu usiku, kwa hiyo wapishi huanza mapema, na swali la kwanza la mhudumu ni kama mna tiketi za usiku huo. Mkimjibu ndiyo, sahani zinakuja kwa mpangilio ambao hamtauona, na mtanyanyuka mkiwa mmeshiba bila kukimbizana na muda. Sisi marafiki tulipokwenda kulitazama tulikula hivyo, kidogo kidogo, tukijua kwamba mlo wenyewe tumeuweka wa baadaye.

Taymor alisomea uigizaji wa kimya jijini Paris, kisha akaishi Indonesia miaka kadhaa. Katika michezo ya vivuli ya Java, mtu anaweza kukaa upande wa nyuma ya pazia na kumtazama fundi akiviendesha vikaragosi vyake usiku kucha. Katika bunraku ya Japani pia, waendeshaji wanasimama wazi jukwaani pamoja na vikaragosi. Taymor alilichukua somo hilo akalipa mwili mpya. Timon, yule nguchiro, ni kikaragosi kilichofungwa mbele ya mwigizaji aliyevaa kijani toka kichwani hadi miguuni. Twiga ni mtu aliyepanda mironjo minne, miwili ya miguu na miwili ya mikono, shingo ndefu ikitokea kichwani pake. Duma ameunganishwa na mchezaji wake kwa kamba: mtu akigeuza kichwa, mnyama naye anageuka.

Vinyago vya simba ndivyo vilivyonishika zaidi. Taymor alivibuni akishirikiana na Michael Curry, na vimetengenezwa kwa nyuzi za kaboni, kwa hiyo kinyago cha mfalme Mufasa hakizidi sana gramu 300, na cha Scar, ndugu yake, ni chepesi zaidi. Mfalme akisimama wima, kinyago kinakaa juu ya utosi na uso wa mwigizaji uko wazi. Akiinama kushambulia, kinashuka mbele ya uso, na papo hapo mtu anakuwa mnyama. Mwigizaji mwenyewe anakiendesha kwa kitufe kilichofichwa mkononi, huku anaimba. Fikiria hesabu hiyo: pumzi ya wimbo, pembe ya shingo, kidole kwenye kitufe, na hasira ambayo lazima ionekane ni ya kweli.

Kuna mbinu nyingine zilizo rahisi zaidi. Nyumbu wanaporomoka bondeni kwa magogo yanayozunguka, yamejaa nyumbu wadogo, na mbele yao wanatokea wachezaji wenye vinyago vinavyozidi kukua, mpaka kundi lililokuwa mbali linakuwa limetufikia. Ukame unaingia kwa kitambaa cha buluu kinachonyonywa taratibu ndani ya tundu la sakafu. Simba jike wanapoomboleza, wanavuta utepe mweupe kutoka machoni mwa vinyago vyao. Utepe ni utepe, kila mtu anauona, na bado ukumbi unalia.

Onyesho lilipokwisha tukarudi mezani, na sasa chakula kikaja bila haraka. Mwenzetu fundi cherehani alizungumzia mishono: jinsi mavazi yanavyokatwa ili mtu apinde mgongo na kunyoosha mikono bila kitambaa kukaza. Muuguzi aliwaza shingo na viuno vya wale twiga, na mazoezi yanayoulinda mwili unaoifanya kazi hiyo maonyesho manane kwa wiki. Mpiga ngoma wetu alikuwa hakuyabandua macho kwenye vyumba vya pembeni mwa jukwaa, wanakokaa wapigaji, akifuatilia mapigo yanavyopokea hatua za wachezaji. Nilikuwa nimekaa nao safu moja, na karibu yote hayo yalinipita.

Fundi anayeificha mbinu yake anataka tustaajabu. Anayeiacha wazi anatualika tujifunze, na mwaliko huo hauitikiwi na mtu mmoja, kwa sababu kazi ya mikono mingi haimaliziki kwa jozi moja ya macho. Ukipata nafasi ya kwenda, chukua watu wa kazi mbalimbali, mle kidogo kabla, na agizeni meza ya baadaye kwenye mgahawa usiofunga mapema. Nusu ya onyesho mtaipata hapo.