Gari Likila Mzinga, Limekula Mzinga!

Sikumaliza hata kona ya pili. Nilikuwa kwenye kilomita 90 kwa saa, gari likatoka nje ya lami, likapanda ukingo na kugonga jiwe kwa pembe ya mbele kulia. Hapo ndipo nilipoiweka pedi mezani nikashika kichwa. Fenda ilijikunja kama gazeti la kufungia vitumbua. Boneti ikainuka katikati ikawa hema. Rejeta ikasukumwa nyuma mpaka ikalikuta feni, mvuke ukaanza kufuka, tairi la kulia likalala kwa ndani. Nilipojaribu kuondoka, gari likawa linavuta upande wa kulia lenyewe, na mshale wa joto unapanda. Nililiburuza hivyohivyo kama kilomita mbili. Injini ikazima. Nikapiga stata, haikuwaka.

Nikapiga kelele ya furaha mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini.

Gemu yenyewe inaitwa BeamNG.drive. Duniani si ngeni: kampuni ya BeamNG ya mjini Bremen, Ujerumani, iliitoa kwa umma kwa mara ya kwanza mwaka 2013, ikaingia kwenye duka la Steam mwaka 2015, na hadi leo bado wanaiongezea vitu. Lakini inachezwa kwenye kompyuta tu, tena kompyuta yenye misuli, na hapa Singida mashine ya namna hiyo huikuti kila mtaa. Nilikuwa naiona kwenye video za simu, namezea mate. Juzi rafiki yangu karudi likizo kutoka chuo Dodoma na kompyuta yake mgongoni, tukaunganisha pedi ya PlayStation kwa waya, na tangu hapo usingizi wangu umekuwa wa kuazima.

Wacha niseme moja kwa moja ninachokiamini, maana mabishano haya nimeyabeba miaka mingi: gari la kwenye gemu ambalo halivunjiki ni kitoroli cha kuchezea, hata lichorwe vizuri namna gani. Na kuvunjika ninakokusema si kioo kupata ufa na rangi kuchubuka. Nasema kuvunjika ambako usukani unakujua. Gari likipata kipigo, liendeshwe kama gari lililopata kipigo.

Kwenye vibanda vya gemu vya hapa mjini mpira ndio mfalme, hilo halina ubishi. Siku mojamoja mtu akiweka gemu ya magari, ndipo vita inapoanza. Upande mmoja wapo wanaosema gari likiharibika raha imekwisha. Na nawaheshimu, kwa sababu hoja yao ina uzito ambao mchezaji wa nyumbani kwake hawezi kuujua: kibandani unalipia muda. Umetoa hela yako, dakika zinahesabiwa, wenzako wamepanga foleni nyuma ya benchi. Kona ya kwanza tu kuna mtu amekuingia ubavuni makusudi, tairodi imepinda, na sasa utumie dakika zako zote kukokota mkweche huku wenzio wako mzunguko wa tatu? Mtu anaona kaibiwa. Ndiyo maana wanazipenda gemu zenye kitufe cha kurudisha muda nyuma, kama ile Flashback ya Race Driver: GRID ya mwaka 2008: umekosea, unarudisha, unaendelea kama hakuna kilichotokea.

Mimi niko upande wa pili, na sababu zangu nazitoa barabarani. Madhara yakiwa ya kweli, tabia ya watu inabadilika. Kwenye gemu ya gari lisiloumia, kila mmoja anatumia gari la mwenzake kama breki. Unafika konani na mwendo wote, unajigonga kwa uliyemkuta, unanyooka, unaendelea. Huo si uendeshaji. Usiku mmoja tulipokuwa tunapokezana pedi kwenye BeamNG kushindania muda, gari lililobondwa likibaki limebondwa, ulimi ulikaa kimya. Watu walianza kufunga breki mapema. Mmoja wetu, anayejulikana kwa kukanyaga mafuta bila huruma, alishinda kwa kupita taratibu kwenye makorongo ambako sisi wote tulipasua matairi. Yeye mwenyewe hakuamini.

Kuna sauti ya tatu kwenye ubishi huu, nayo siwezi kuipita haraka. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni anasubiri simu yake ijae chaji alitutazama, akatikisa kichwa. "Wajukuu zangu, ajali hizi tunazizika kila mwaka. Nyie mnazicheza?" Sote tulinyamaza. Nilimjibu kwa adabu, na bado nasimama kwenye jibu lile: babu, inayotudanganya ni ile gemu ambayo Fuso linagonga nguzo kwa kilomita 100 na kuondoka linapiga honi. Hii inakuonyesha chuma kinafanywa nini. Ligonge gari la mwenzako ubavuni kwa kilomita 50 tu, kisha punguza kasi ya muda utazame taratibu: mlango unaingia ndani mpaka kwenye kiti. Mimi tangu niuone ule mlango, kwenye Noah sikai tena bila kutafuta mkanda.

Sasa, kwa nini gemu kubwa ziliogopa jambo hili kwa muda mrefu? Sababu kubwa ni majina. Watengenezaji wa magari hukodisha majina na maumbo ya magari yao kwa wenye gemu, na wengi hawapendi kuona gari lao likigeuzwa chapati mbele ya mnunuzi wa kesho. Gran Turismo ilianza mwaka 1997, na ni mpaka Gran Turismo 5 ya mwaka 2010 ndipo magari yake yalipoanza kupinda. Burnout 3 ya mwaka 2004, iliyojengwa juu ya raha ya kugongana, ilitumia magari yasiyo na jina la kampuni yoyote. BeamNG nao wamebuni kampuni zao: Ibishu, Gavril, ETK, Hirochi. Ibishu Pessima ukiitazama unaapa umeipanda, ni gari dogo la Kijapani kama yale tuliyokulia nayo, ila jina halipo popote duniani. Kwa hiyo hakuna wa kulalamika likifumuliwa.

Na linavyofumuliwa! Kila gari limejengwa kwa nukta zenye uzito, zilizounganishwa kwa vijiti. Kila kijiti kina uvumilivu wake: kikizidiwa kidogo kinarudi, kikizidiwa zaidi kinapinda na kubaki hivyo, kikizidiwa kabisa kinakatika. Kompyuta inazipiga hesabu hizo mara 2,000 kwa sekunde. Fikiria kitanda cha kamba: ukikivuta mguu mmoja, kamba zote zinapata habari. Ndivyo ilivyo hapa. Hakuna picha ya "gari lililogongwa" iliyochorwa tayari na kuwekwa akiba. Nimebonda gari lilelile ukutani zaidi ya mara thelathini, na sijaona ajali mbili zinazofanana.

Nilitaka ushahidi wa mtu asiyejua gemu, nikamwita fundi bodi wa jirani, mtu ambaye tangu utoto wangu namwona ananyoosha magari kwa nyundo na tofali la mbao. Nikamsalimia, "Shikamoo fundi," nikamwekea kwenye skrini gari nililoligonga upande wa mbele. Hakutazama fenda wala taa. Akaniambia, "Marahaba. Zungusha. Nionyeshe mlango wa dereva." Nikazungusha kamera. Akausogeza uso mpaka karibu na kioo, akauweka ukucha wake kwenye ule mwanya kati ya mlango na bodi. Juu mwanya ulikuwa umebana, chini umeachia. "Dogo, hilo gari limepinda chesisi. Bampa utanunua, boneti utanyoosha, lakini huo mlango hautafunga vizuri, na tairi litaliwa upande mmoja." Nilipoliendesha, likaenda ubavuubavu kama kaa. Fundi akavuta kiti. Alikuja kwa dakika tano, akaondoka baada ya saa moja na nusu, na alipofika mlangoni aligeuka akauliza kesho tunaanza saa ngapi.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni lori. Yeyote aliyesafiri kutoka Singida kwenda Nzega anaujua mlima Sekenke, pale wilayani Iramba, ukishaipita Misigiri na kabla hujafika Shelui. Ukiwa juu unaiona mbuga ya Wembere imetandazwa chini yako, na mbele yako barabara inadondoka. Madereva wa malori wanakuambia: Sekenke unaishuka kwa gia, breki ni za kusaidia. Ukiishuka kwa breki, zinapata moto, zinalainika, na mguu unakanyaga hewa.

Kwenye ramani ya Italia ya gemu hii kuna milima yenye kona za kujikunja. Nikachukua kichwa cha lori, Gavril T-Series, nikakifunga tela lenye mzigo, nikaanza kushuka kijinga kabisa, gia ya juu na mguu kwenye breki. Dakika ya kwanza, sawa. Kisha nikaona moshi mwembamba magurudumuni. Nikakanyaga zaidi, lori likapungua kidogo, safari hii kwa uvivu. Kona iliyofuata nilikanyaga mpaka mwisho na lori likaendelea tu, linaongeza mwendo, tela linanisukuma kwa nyuma, na mikono yangu imelowa jasho kwenye pedi. Tulitoka na ukingo wa barabara, lori, tela na mzigo. Nikakaa kimya. Kisha nikarudi juu, nikaweka gia ndogo tangu kileleni, nikaiacha injini ingurume na kulishikilia lori, breki nikazigusa kwa vipindi. Tukafika chini salama. Gemu gani nyingine imewahi kukufundisha kushuka mlima?

Wapenda mashindano watasema hiyo ni maabara, wao wanataka mbio. Haya, twende kwenye mbio. EA Sports WRC, iliyotengenezwa na Codemasters na kutoka Novemba 2023, ina Safari Rally ya Kenya ndani yake, vumbi la Naivasha na mawe yake, na humo madhara unaweza kuyafanya makali, ukaenda kutengeneza gari kwa muda uliohesabiwa. Ni nzuri, nimeicheza, naipenda. Ila Safari ndiyo hasa inayonipa hoja. Mwaka 2021, iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya miaka 19, dereva Thierry Neuville aliamka Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima. Shokapu ya nyuma ikafa kwenye hatua ya kwanza ya siku, na Sébastien Ogier akachukua kombe. Mwaka 2023 Ogier huyohuyo alishinda kwa sekunde 6.7 tu, na mlango wa nyuma wa Toyota yake ulikuwa umeng'oka njiani. Rudi nyuma zaidi, enzi ambazo Safari ilikuwa ikipita pia Uganda na kwetu Tanganyika: mwaka 1963, na tena 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Ukiyatoa madhara kwenye Safari, unabaki na nini? Watu wanaozunguka vumbini.

Kasoro zipo. Inataka kompyuta ya hela nyingi, na ukijaza magari mengi barabarani mashine inahema mpaka picha inaganda. Kwa mbio za watu wengi kibandani, bado sana. Injini zingine zinasikika nyembamba. Na kubwa zaidi kwangu: ramani zake rasmi zina Marekani, zina Italia, zina visiwa vya kubuni, lakini hazina hata kipande kimoja cha barabara ya Afrika. Hakuna Fuso lililojaa vitunguu. Hakuna tuta lililowekwa bila alama.

Hilo halinikatishi tamaa, kwa sababu BeamNG inaruhusu wachezaji kutengeneza magari na ramani zao, na vijana wa nchi hii wameshaonyesha wanaweza. Tazama walichokifanya kwenye Bus Simulator Indonesia ya kampuni ya Maleo: kwa simu za mkononi tu wamejaza mabasi ya Tanzania, rangi zake na honi zake, mpaka ukiyaona unataka kukata tiketi. Sasa nawaomba ninyi mliofanya hayo, wa Dar, wa Mbeya, wa popote mlipo: tuleteeni Fuso lenye chesisi inayopinda, na tuleteeni Sekenke, kutoka Misigiri mpaka Shelui. Picha za kona zote nitapiga mimi, na fundi bodi wa kuwakagulia kazi ninaye.