Lumbwi wa Uluguru na Baridi ya Usiku

Mtu aliyekulia Morogoro hahitaji kuambiwa kwamba mji ulio katika kimo cha mita 500 hivi, na kilele cha Lupanga kiuinamiacho kwa mita 2,138 toka usawa wa bahari, ni dunia mbili zenye hewa mbili. Ajabu ni kwamba wafugaji wa ng'ambo, waliokuwa wakiletewa vinyonga wetu, yaani lumbwi, masandukuni, iliwalazimu kulijua jambo hilo kwa kuhesabu mizoga.

Walidhani kila kiumbe atokaye Afrika hutaka joto. Dhana hiyo haikumdhuru sana kinyonga wa mabondeni, Chamaeleo dilepis, mwenye mapande ya ngozi shingoni, ambaye hustahimili jua kali mradi apate kivuli cha kukimbilia. Walakini Trioceros werneri, ambaye dume lake lina pembe tatu, ni mwana wa misitu ya ukungu, na akiwekwa chini ya taa ya moto usiku na mchana hudhoofu, akasusa chakula, akafa. Waliofaulu naye waliuiga mlima: mchana joto la wastani, lisizidi sana nyuzi 26, na usiku taa zote zikazimwa, baridi ikaachwa iingie hata nyuzi 15 au chini yake.

Maji nayo yalikuwa fumbo, kwa kuwa lumbwi aghalabu hayatambui maji yaliyotuama, na aweza kufa kwa kiu mbele ya bakuli lililojaa. Basi wakayadondosha tone kwa tone juu ya majani, ndani ya kizimba cha wavu kipitishacho hewa. Wakaongeza taa itoayo ile miale ya jua isiyoonekana, ambayo kwayo mwili huunda vitamini D. Ikikosekana, mifupa hulainika ikapinda, hata kama panzi ni tele. Na kila mmoja akakaa peke yake, maana kumwona mwenziwe tu humghadhibisha.

Katika uzazi ndipo hitilafu zinapozidi. Dilepis jike hushuka mtini kufukia mayai kwa makumi, na asipopata udongo wa kuchimba huweza kufa nayo tumboni. Werneri huzaa watoto hai. Lakini asihadaike mtu kwa pembe: Trioceros deremensis, mwenye tatu vilevile na mwenyeji wa Uluguru, hutaga. Ama yule mdogo wa kidole, Rhampholeon uluguruensis, aliyepewa jina la kitaalamu mwaka 1996, huishi katika majani makavu ya sakafu ya msitu, wala hana haja na taa ya moto.

Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na kwetu hapa kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria. Basi ukimkuta lumbwi barabarani, usimwogope, hana sumu. Mwekee kijiti aparamie mwenyewe, kisha umvushe upande ule alioukusudia.