Kadi mpya, mazabodi ya zamani: hesabu njia kwanza

Kuingia, itaingia. Tangu PCI Express (PCIe) ilipoanza kuichukua nafasi ya AGP mwaka 2004, sloti ndefu ya kadi ya grafiki haijabadilika umbo. Kompyuta inapowashwa, kadi na mazabodi huulizana kila upande unamudu kasi gani, kisha zote mbili hufuata kasi ya ile iliyo nyuma. Ndiyo maana muuzaji hukujibu "inaingia hiyo" hata kabla hujamaliza kuuliza, wala hadanganyi. Ila hajakuambia data itapita kwa njia ngapi, na hapo ndipo pesa ya mnunuzi inapopotelea.

Tuichukue Radeon RX 6500 XT, ambayo AMD iliitoa Januari 2022, pamoja na mdogo wake, RX 6400. Zote mbili zinatumia chipu iitwayo Navi 24, iliyosanifiwa kwanza kwa ajili ya laptopu. Kwenye laptopu prosesa yenyewe hufanya kazi nyingi za video, na mawasiliano yake na kadi ni ya PCIe 4.0, kwa hiyo wasanifu waliona hakuna haja ya kubeba kila kitu. Wakaondoa sehemu ya kurekodi video, wakaacha matundu mawili tu ya skrini, na njia za data wakazifanya 4 badala ya 16. Kwa laptopu ni akili nzuri. Kosa, kwa maoni yangu, ni kuichukua chipu hiyohiyo na kuwauzia watu wa kompyuta za mezani wenye bajeti ndogo, ambao ndio hasa wenye mazabodi za zamani.

Hesabu yake ni hii. Njia 4 za PCIe 4.0 hupitisha takriban gigabaiti 8 kwa sekunde. Ukiichomeka kadi hiyo kwenye PCIe 3.0 zinabaki gigabaiti 4; kwenye PCIe 2.0 zinabaki 2. Mchezo ukitosha ndani ya kumbukumbu ya kadi, pengine hutaona tofauti kubwa. Lakini kumbukumbu hiyo ni gigabaiti 4 tu, na michezo ya sasa huijaza upesi. Ikijaa, picha za kuta, nguo na majani zinaanza kuletwa kutoka kwenye ramu kupitia njia zilezile nne, na mchezo unakwama, unaruka, unakwama tena.

Sasa ilinganishe na GeForce GTX 1650 ya Aprili 2019. Nayo ina gigabaiti 4, lakini njia zake ni 16. Hata kwenye PCIe 2.0 inapitisha gigabaiti 8 kwa sekunde, mara nne ya kadi iliyotoka karibu miaka mitatu baada yake.

Kwetu jambo hili lina uzito wake, kwa sababu maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na ya Luthuli jijini Nairobi yamejaa kompyuta za ofisi zilizotumika ng'ambo. RX 6400 inaonekana kama imetengenezwa kwa ajili ya kompyuta hizo: ni fupi, hula wati 53, haihitaji waya wa umeme. Ukiwa na Dell OptiPlex 790 ya mwaka 2011, hata hivyo, upo kwenye PCIe 2.0. OptiPlex 7010 iliyoifuata ina PCIe 3.0, lakini kwa sharti: kasi hiyo inatoka kwenye prosesa. Core i5-3470 inaitoa. Core i3-3220, ya kizazi hichohicho na soketi hiyohiyo, inaishia 2.0. Kompyuta mbili zenye kasha moja na nembo moja zinaweza kukupa matokeo tofauti kabisa.

Umeme nao usipuuzwe. Sloti hutoa wati 75 kwa juu kabisa, na RX 6500 XT inadai 107, hivyo inataka waya wa pini 6 ambao pawa saplai za kompyuta hizi kwa kawaida hazina. Kuna waya za kugeuza zinazotoka kwenye plagi ya SATA. Plagi hiyo imepimwa kubeba wati 54 za volti 12, wakati pini 6 zinaruhusiwa kuvuta 75. Usizitumie waya hizo.

Kadi za Intel Arc ziache kabisa: zinategemea teknolojia ya Resizable BAR, na Intel yenyewe inataka prosesa ya kizazi cha 10 kwenda juu.

Ukishachomeka kadi, fungua programu ya GPU-Z usome mstari wa Bus Interface. Usishtuke ukikuta 1.1, maana kadi ikipumzika hushusha kasi ili kuokoa umeme. Bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni, uanzishe jaribio, kisha usome upya.

Kwa mwenye OptiPlex 790, GTX 1650 iliyotumika, ya aina isiyo na waya wa umeme, ni bora kuliko RX 6400 mpya ndani ya boksi. Ukifika dukani, uliza kwanza prosesa iliyomo ndani ya kasha, ndipo uulize bei ya kadi.