Safura, Homa ya Manjano na Umanjano: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Tiba

Istilahi ya tiba hupimwa kwa mambo mawili: usahihi wake mbele ya daktari na maana inayomfikia mgonjwa. Jina "homa ya manjano", linapotumiwa kutafsiria neno la Kiingereza jaundice, lina kasoro kwa vipimo vyote viwili. Yafaa chanzo cha kasoro hiyo kichunguzwe, kwani athari zake haziishii katika kurasa za kamusi.

Hali inayotajwa hapa si maradhi bali ni dalili. Chembechembe nyekundu za damu zinapofikia mwisho wa uhai wake huvunjika, na katika kuvunjika huko hutokea dutu ya manjano iitwayo bilirubini, ambayo ini huiondoa pamoja na nyongo. Chembechembe hizo zikivunjika kwa wingi, au ini likidhoofika, au mfereji wa nyongo ukizibika, dutu hiyo hurundikana mwilini. Weupe wa macho na ngozi hugeuka rangi. Mgonjwa aweza kuwa na homa, aweza pia asiwe nayo kamwe.

Katika Kiswahili, neno homa limezaa majina mengi ya maradhi: homa ya mapafu, homa ya matumbo, homa ya ini, homa ya uti wa mgongo. Aghalabu sehemu ya kwanza humwahidi msikilizaji joto la mwili, na ya mwisho humwonyesha mahali penye maradhi. Katika "homa ya manjano" sehemu ya mwisho ni rangi, kwa sababu jina hilo ni tafsiri ya neno kwa neno ya jina la Kiingereza la maradhi mengine kabisa. Hayo ni maradhi ya virusi vinavyoenezwa na mbu, yaliyozuka katika Bonde la Kerio mwaka 1992 hadi 1993, na ambayo kwayo wasafiri hudaiwa cheti cha chanjo mipakani. Hata miongoni mwa wanaoambukizwa maradhi hayo, ni wachache tu wanaogeuka rangi. Hivyo jina moja limebebeshwa virusi na dalili, vitu viwili visivyolingana.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi katika wodi ya wazazi. Takriban watoto 60 katika kila 100 waliozaliwa baada ya kutimiza miezi yao hugeuka manjano katika juma la kwanza. Wengi hupona bila ya matibabu; lakini bilirubini ikizidi mno huweza kudhuru ubongo, na mtoto akapata uziwi, ulemavu wa viungo au hata kufa. Mama anayeambiwa kwamba mwanawe ana homa ya manjano atamwekea kiganja kwenye paji la uso. Asipohisi joto, ana haki ya kuamini kwamba homa haipo au imekwisha, akarudi nyumbani. Mwingine, akikumbuka cheti cha wasafiri, atauliza habari ya chanjo. Wote wawili wamelielewa neno kama lilivyo. Kosa ni la neno lenyewe.

Yamkini wapo watakaopendekeza kurejea kwa safura. Pendekezo hilo lina mashiko ya kihistoria. Katika Kiarabu, neno linalotokana na jina la rangi ya manjano ndilo lililotumiwa kuitia nyongo katika tiba ya Kiyunani iliyoendelezwa na matabibu kama Ibn Sina (980–1037), waliohesabu mwilini damu, belghamu, safura na sauda. Hata hivyo, maana haikusimama pale. Katika Kiswahili, safura imekuja kufungamana na upungufu wa damu unaoletwa na minyoo wafyonzao damu, ambapo mgonjwa hupauka na kuvimba. Kulirejesha neno hili kwenye nyongo ni kuondoa utata mmoja kwa kuzua mwingine.

Lililobaki ni umanjano. Kiambishi u- ndicho lugha inachokitumia kutajia hali za mwili: upofu, uziwi, ububu, upara. Majina haya hueleza hali ya mtu bila ya kudai kujua sababu yake, na hiyo ndiyo sifa inayotakiwa hapa. Pingamizi ni kwamba umanjano waweza kuwa wa embe au wa kitambaa. Hilo ni kweli, lakini muktadha hutosha kulitatua: hakuna anayeshangaa kwamba upofu husemwa pia kuhusu asiyetaka kuona ukweli. Zaidi ya hayo, neno lenyewe humwelekeza mama mahali pa kutazama, yaani kwenye macho, ufizi na viganja vya mtoto, hasa pale ambapo weusi wa ngozi huificha rangi hiyo.

Basi mgawanyo uwe hivi: homa ya manjano ibaki kwa maradhi ya mbu, homa ya ini kwa uvimbe wa ini, safura kwa minyoo, na umanjano kwa dalili. Watungaji wa kamusi na wafasiri wa vijitabu vya afya hawahitaji kubuni neno geni. Wanachohitaji ni kuacha kuita homa kitu kisichokuwa homa.