Nani Atajenga Daraja la Kijiji?

Tumesoma kitabu cha Bibi Lily Tsai, Accountability without Democracy, kilichotoka mwaka 2007. Ni habari za vijiji vya China. Swali lake ni hili: vijiji viwili vinapakana, umaskini ni mmoja, serikali ni moja; mbona hiki kina barabara nzuri na shule isiyovuja, na kile kina matope tu?

Mwaka 2001 vilipimwa vijiji 316 katika majimbo 4. Wengi tungedhani jibu ni mali, ao uchaguzi. Sivyo. Mahali pengine uchaguzi ulikwenda vema, na daraja likabaki limevunjika. Yeye anajibu kwamba mkuu hufanya kazi pale ambapo kijiji kizima ni ukoo mmoja ao hekalu moja, naye mwenyewe yumo ndani. Akijenga daraja, anapata heshima mbele ya wote, na kesho akiwaita wanaitika upesi. Akila feza, atakaa wapi siku ya sikukuu ya mababu? Lakini kijiji kikigawanyika koo mbili tatu, kila mtu huvutia upande wake.

Hayo tunayasadiki. Sisi makatekista tumeona siku ya salongo: wanaokuja bila kusukumwa ni wale wanaoogopa macho ya jirani kuliko macho ya mpolisi.

Penye habari za Wakristu tulisoma polepole. Wakristu wa vijiji vile wameungana vema, lakini chama kinachotawala hakiruhusu watu wake kuwa na dini. Basi mkuu anasimama nje ya kanisa, na umoja wa waamini haumshiki. Si imani iliyopungua. Mlango umefungwa upande wa pili.

Shaka letu ni juu ya mgeni, mjane, mtu asiye wa ukoo. Heshima ya ukoo itamkumbuka nani katika hao? Tena vijiji vile, wakati wa kupimwa, vilijitafutia feza nyingi vyenyewe. Mwaka 2006 kodi ya mashamba ilifutwa katika China yote, na feza zikazidi kutoka juu. Mkuu anayengoja feza za juu, je, bado anaona haya mbele ya jamaa zake? Kwa swali hilo vijiji vile vingepaswa kupimwa tena.

Kitabu ni cha Kiingereza, na hesabu zake ni nyingi. Asiyependa hesabu aanze na masimulizi ya kijiji kimoja kimoja.